Fundi Usiyemjua Usimpe Ufunguo



Mwaka 2024 sote tulisikia habari za mbolea bandia iliyouzwa humu nchini. Gunia lilikuwa na maandishi mazuri, na mkulima alilibeba nyumbani kwa furaha, lakini ndani hamkuwa na chakula cha mahindi. Mwezi huu napenda kuwaeleza hila iliyo ndugu ya hiyo, ila hii huingia kwa simu na kompyuta.

Iko programu ya halali inayomwezesha fundi aliye Nairobi kutengeneza kompyuta iliyo Nyamira bila kupanda matatu. Mwenye kompyuta humpa tarakimu zinazoonekana kwenye kioo, na mara fundi huyo huona yote na kugusa yote, kama kwamba ameketi kitini. AnyDesk na ScreenConnect ni za namna hiyo. Hivyo ni vyombo vya kazi, kama panga. Lakini mwizi naye hulishika panga.

Januari 2023 huko Marekani, idara ya serikali iitwayo CISA ilitoa onyo. Wezi walikuwa wametuma barua pepe zilizojifanya zimetoka kwa mafundi wa kompyuta. Aliyezifuata alijikuta amewafungulia mlango kwa programu hizo hizo. Kisha aliambiwa afungue akaunti yake ya benki, nao wakabadilisha hesabu kwenye kioo, ionekane amerudishiwa fedha kupita kiasi, wakamwomba arudishe ziada. Ziada hiyo haikuwako. Alichorudisha kilikuwa chake mwenyewe. Wako na wezi wengine watungao programu ya uongo kabisa, wakaivika jina la heshima. Na kwa kuwa chombo cha halali kinaaminiwa, mara nyingi hata kinga ya virusi hukiacha kipite.

Wengine husema mambo haya huwapata wazee wasiosoma. Mimi sikubali. Nilisomea ualimu, na leo ni karani wa kilimo, lakini mwaka jana nilipigiwa simu na bwana mwenye maneno ya adabu. Alisema niweke programu yake kabla ya saa sita, la sivyo majina ya wakulima wetu yatafutika. Nilikuwa nimekwisha kuanza. Nilipomwuliza jina la mkubwa wangu, akakata simu. Siku mbili sikumwambia mtu, kwa aibu. Nimejifunza kwamba aibu ile ndiyo rafiki mkubwa wa mwizi, kwa maana siku hizo mbili angeweza kumpigia karani mwingine.

Basi nasema hivi: kila chama cha akiba, kila ofisi na kila kituo cha kununulia majani ya chai, kuanzia Ogembo hata Nyansiongo, kiweke sheria moja. Fundi ajulikane kwa uso kabla ya kupewa kompyuta. Akipiga simu, kata, kisha umpigie wewe kwa nambari uliyoandika zamani kitabuni. Kazi ya haki haiharibiki kwa kungoja nusu saa.

Nawe mkulima, usiweke katika simu yako programu iliyotumwa na mtu usiyemjua, wala usibonyeze "ruhusu" kwa kuwa umeambiwa uharakishe. PIN ya M-Pesa usimpe mtu yeyote. Ujumbe wa udanganyifu upeleke kwa Safaricom kwa nambari 333. Ikiwa umekwisha kudanganywa, zima intaneti mara moja, azima simu ya jirani uiarifu benki, kisha nenda polisi. Hii ni kosa la jinai kwa sheria ya mwaka 2018.

Oktoba bonasi ya chai huingia, na wezi wanaijua kalenda yetu kama sisi. Fedha hiyo ni karo ya watoto na mabati ya nyumba. Ukipigiwa simu ya namna hii, usinyamaze. Sema barazani, sema kanisani, sema sokoni Keroka, ili mwenzako naye aponee.