Kafara Hailipi Haki ya Mja

Ijumaa iliyopita, katika hitima moja mtaani kwetu, mhadhiri alitangaza, wazee wakiitikia kwa kuridhika, kwamba mwenye nyumba, maadamu amechinja ng'ombe wawili akalisha mafakiri, ameyatolea kafara yote yaliyopita, wala hana tena deni kwa Mungu wala kwa mtu. La Mungu simo. Bali hilo la mtu limenichoma, kwani kila aliyekalia jamvi lile alijua kuwa minazi iliyowanunua ng'ombe hao ni urithi wa watoto wa marehemu nduguye, nao walikuwapo uani, watatu kwenye sahani moja ya bati, wakingoja ukoko.

Nani aliyewafunza watu kwamba damu ya mnyama hufuta dhuluma? Kafara ina mahali pake: avunjaye kiapo hulisha masikini kumi, au huwavisha, au humwacha mtumwa huru, na asiyeweza hufunga siku tatu. Lakini aliyeua kwa kukosea, kwa hukumu iliyomo katika Sura ya Nne ya Kurani, hutakiwa amwache huru mtumwa, na asipopata afunge miezi miwili mfululizo, na ghairi ya hayo jamaa za marehemu wapewe dia yao, ila wasamehe wenyewe. Ikiwa kafara haikumwondolea dia mtu ambaye hakukusudia, itamwondoleaje deni yule aliyekaa na karani akala mali ya yatima kwa kalamu na wino, msimu kwa msimu?

Wako wanaonijibu kwamba hata mayatima waliila pilau ile. Hiyo ni hoja ya kuonewa haya! Mwizi wa kuku akikugawia paja, kuku wako hajarudi.

Na maradhi haya yameenea hata magazetini, ambako fedha za umma zikipotea twasoma kuwa karani fulani katolewa kafara, ilhali wakubwa wake wangali vitini, kana kwamba taksiri ya mkubwa yatwikika kichwani mwa mnyonge.

Shahidi aliyekufa vitani, kwa Hadithi iliyopokewa na Muslim, husamehewa yote ila deni. Na wanazuoni, wakitaja sharti za toba, baada ya kuacha, kujuta na kuazimia kutorudia, huongeza kumrudishia mja haki yake au kumtaka radhi. Basi anayetaka kutubia urithi alioula, na aende kwa kadhi na hati ya shamba mkononi, na hesabu ya nazi zote alizouza, kabla hajanoa kisu.