Andromeda Alikuwa Binti wa Kwetu



Jumamosi moja hapa Durban, barazani petu, binti mmoja wa shule alituletea kitabu cha nyota. Ndani mlikuwa na picha ya Andromeda: mwanamke mweupe kama karatasi, uchi, amefungwa kwenye mwamba wa bahari. Mzee wetu mmoja akakifunga kitabu. "Uchi wa Wazungu hautuhusu." Tulinyamaza kwa kuheshimu mvi zake. Leo tunamjibu, kwa heshima ile ile: unatuhusu, tena sana.

Picha ile ni ya Mfaransa Théodore Chassériau, ya mwaka 1840, na iko Louvre, Paris. Wachoraji wa karne ile walizipenda ngano za Kiyunani kwa sababu inayojulikana: ukimchora jirani yako uchi ni aibu, ukimwita Venus ni elimu. Cabanel alimlaza Venus wake juu ya mawimbi mwaka 1863, na Napoleon wa Tatu akamnunua. Hayo tuwaachie wenyewe. Ugomvi wetu ni wa Andromeda.

Ngano yasema alikuwa binti wa Cepheus, mfalme wa Ethiopia. Mama yake alijigamba kwa uzuri mbele ya mabinti wa bahari, bahari ikatoa dubwana, binti akafungwa mwambani awe kafara mpaka Perseus alipomwokoa. Tunajua watakaosema kwamba Ethiopia ya Wayunani siyo hii ya Addis Ababa, na kwamba wengine walikihamishia kisa hicho Jaffa. Sawa. Lakini Ovid, mshairi wa Kirumi ambaye wasomi wa Ulaya walilelewa naye, katika mashairi yake ya mapenzi anamtaja kuwa mweusi.

Je, Chassériau hakujua kumchora mtu mweusi? Alijua! Alizaliwa Samaná, katika kisiwa kimoja na Haiti. Mwaka 1838, kwa agizo la mwalimu wake Ingres, alimchora Joseph, Mhaiti aliyekuwa akijipatia riziki Paris kwa kuchorwa. Kila msuli upo pale, kazi safi kabisa. Na Ingres alimtakia nini? Umbo la Shetani. Miaka miwili baadaye akatakiwa binti wa mfalme wa Ethiopia, rangi nyeusi ikamwishia.

Tena mwaka 1840 utumwa ulikuwa bado halali katika makoloni ya Ufaransa, hadi 1848. Waafrika halisi walikuwa minyororoni baharini, naye, ili watazamaji wamwonee huruma aliyefungwa, ikabidi kwanza amfanye mweupe.

Hapa Durban mnyororo si ngano. Mwaka 1873 Waingereza waliwashusha bandarini watu waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa, wengi wao Wamakua, wakitokea Zanzibar. Miaka ya 1960 serikali ya ubaguzi iliwang'oa wajukuu wao kule Bluff, ikawapeleka Chatsworth, na katika vitabu vyake ikawaandika "Waasia Wengine". Binti mwenye kitabu anatoka kwao.

Sisi wahandisi tukikuta mchoro haulingani na vipimo, hatuuchani. Tunaandika kosa pembeni ili fundi anayefuata alione. Basi mzee wetu, tumekifungua tena kitabu. Binti ameandika chini ya picha, kwa penseli maana kitabu ni cha shule: "Baba yake alikuwa mfalme wa Ethiopia."