Maziwa yakikukata tumbo, usimsingizie mama mkwe!

Tuseme umefika ukweni Murungu, kule Kibondo. Umekaribishwa ugali wa muhogo, maharage yaliyoungwa kwa mawese, na kikombe cha maziwa juu yake. Baadaye tumbo linanguruma, unakimbilia chooni. Moyoni unasema: "Nimelishwa kitu!"

Tulia kwanza. Mwilini kuna mafundi waitwao vimeng'enya, kila mmoja na kazi yake. Amilesi ya mate huanza kuukata wanga wa ugali ukiwa bado mdomoni. Pepsini huyapokea maharage tumboni na kuvunja protini yake. Mawese husubiri utumbo mwembamba. Nyongo huyatawanya, lipesi huyavunja. Sukari ya maziwa nayo ina fundi wake, laktesi.

Tatizo ni kwamba kwa watu wazima wengi laktesi hupungua baada ya utoto. Sukari isiyovunjwa hushuka utumbo mpana, bakteria wanaila, ndipo gesi na kuhara vinapoanza.

Safari ijayo omba mtindi, maana bakteria wake wameshapunguza sukari hiyo. Ukihara damu au hali isipokoma, wahi zahanati. Lakini mama mkwe mwachie heshima yake, jamani!