Mali Bila Daftari

Najua swali nitakaloulizwa. Mwanafunzi wa Kalimoni, huku kwetu kwa mawe ya kujengea, kahawa na mananasi, samaki wa Ziwa Viktoria wanamhusu nini? Tena wazee wetu wengine hawali samaki hata leo. Nyanya yangu humwona samaki kuwa binamu wa nyoka, na omena ikipikwa nyumbani hujifungia chumbani mpaka harufu iishe. Lakini hebu nenda Juja jioni yoyote, msomaji mpenzi, ukaone watu walivyozunguka makarai ya samaki. Wanafunzi wa chuo kikuu, mafundi wa mjengo, akina mama waliotoka kazini Thika, wote wapo. Kitu kinacholiwa na watu wengi hivyo kinanihusu, hata kama kimesafiri usiku kucha kwa lori kunifikia.

Maoni yangu ni haya: hesabu ya samaki wa ziwa lile iwe katika daftari moja la nchi zote tatu, daftari hilo liwe wazi kwa yeyote anayetaka kulisoma, na liandikwe kwa Kiswahili.

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Ziwa Viktoria lina ukubwa wa kilomita za mraba karibu 68,800. Tanzania ina asilimia 51, Uganda asilimia 43, na Kenya yetu asilimia 6 tu. Samaki wenyewe hawajui mambo hayo. Sangara anaweza kuzaliwa upande mmoja, akakua upande mwingine, akaishia katika wavu wa mtu wa upande wa tatu, na katika safari hiyo yote hakuna aliyemgongea muhuri. Basi nchi moja ikihesabu peke yake, imehesabu nini? Ni kama ndugu watatu wenye shamba moja la mahindi, kila mmoja anavuna usiku na kuficha kibaba chake.

Jambo hili si geni. Mwaka 1927 na 1928 Mwingereza mmoja, Michael Graham, alilizunguka ziwa akichunguza uvuvi, kwa sababu nyavu za kisasa zilizoingia mwaka 1905 zilikuwa zimeanza kummaliza ngege. Katika ripoti yake ya mwaka 1929 alishauri kuwe na mamlaka moja ya ziwa zima, na kazi yake moja iwe kukusanya takwimu za uvuvi. Mwaka 1947 kituo cha utafiti cha Afrika Mashariki kikaanzishwa Jinja. Halafu mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika, ndugu wakagawana vyungu na vijiko. Kenya ikaunda taasisi yake ya utafiti wa bahari na uvuvi, KMFRI, mwaka 1979. Tanzania ikaunda yake, TAFIRI, mwaka 1980. Jinja ikabaki ya Uganda. Kila mmoja na kalamu yake.

Sasa tazama kilichotokea ziwani miaka hiyo hiyo. Sangara, ambaye hakuwa wa ziwa hilo bali aliletwa katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960, alifumuka ghafla katika miaka ya 1980 na kujaza maji. Furu, wale samaki wadogo wa aina mamia ambao hawapatikani kwingine duniani, wakatoweka kwa wingi. Nyingine ya aina hizo zilikwisha kabla mtaalamu yeyote hajazipa jina. Sisemi kwamba daftari moja lingewaokoa furu, sangara hasomi. Nasema kwamba badiliko kubwa kuliko yote katika ziwa letu lilitukia wakati ule ule ambapo wenye ziwa walikuwa hawaandiki pamoja. Yaani mwizi aliingia siku ambayo walinzi wamenuniana.

Najua kuna atakayenijibu kwamba mambo yalisharekebishwa. Ni kweli, na haki yao niwape. Tarehe 30 Juni 1994, pale Kisumu, nchi tatu zilitia sahihi mkataba wa kuunda Shirika la Uvuvi la Ziwa Viktoria, ambalo makao yake yako Jinja. Tangu mwaka 2000 kumekuwa na sensa ya wavuvi, mashua na nyavu, ambayo imepangwa ifanywe kila baada ya miaka miwili kuzunguka ziwa lote kwa utaratibu mmoja. Sensa ya kwanza ilipata wavuvi karibu 130,000. Miaka kumi na tano baadaye walikuwa wamepita 200,000. Kuna pia mashua za utafiti zinazotuma mlio majini, mlio ukigonga samaki unarudi, na mtambo unakadiria wingi wao, kama vile popo anavyotafuta wadudu gizani. Haya ni mazuri. Lakini shughuli hizi zimeegemea mno mifuko ya wafadhili, na mfadhili akifunga mfuko wake, hesabu inasubiri. Zaidi ya hayo, matokeo huandikwa katika Kiingereza kizito ambacho mvuvi wa Usenge au wa Ukerewe hatakisoma, ilhali yeye ndiye aliyehesabiwa.

Tena kuna shida ya majina, na hapa Chama cha Kiswahili hakiwezi kunyamaza. Samaki ambaye Mtanzania humwita sangara, jirani zetu Wajaluo humwita mbuta, na ng'ambo ya Uganda ni mputa. Omena yetu ni dagaa kwao na mukene kwa Waganda. Hapo hapana ubaya, kwani ni majina matatu ya kitu kimoja, na karani makini atayapanga katika mstari mmoja. Ubaya uko katika jina moja la vitu vitatu. Dagaa wa Mwanza si dagaa wa Kigoma. Yule wa Ziwa Tanganyika ni samaki wa ukoo mwingine kabisa, na Warundi humwita ndagala. Dagaa wa Unguja naye ni wa maji ya chumvi. Ukikuta daftari limeandikwa "dagaa, tani kadhaa" bila kusema wa wapi, umesoma nini hapo?

Na ngege je? Ngege wa zamani, yule aliyemhangaisha Graham, ni samaki mwenyeji ambaye leo ni nadra kumpata katika ziwa kubwa. Amebaki zaidi katika maziwa madogo ya kandokando. Samaki tunayeuziwa leo kwa jina hilo ni mgeni aliyetoka maji mengine, ambaye Wajaluo humwita nyamami na Watanzania humwita sato. Jina limebaki, mwenye jina ameondoka. Sasa mtu akichukua daftari la mwaka 1950 na la leo, akaona "ngege" katika yote mawili, atadhani samaki yule yule bado yupo, kumbe analinganisha marehemu na mpangaji aliyehamia nyumba yake! Wanasayansi wana majina yao ya Kilatini ya kuepuka mtego huu, lakini anayeandika pale ufuoni, wakati mashua imefika na watu wanapigana viwiko, haandiki Kilatini.

Hasara ya kutoandika pamoja inatufikia mpaka huku. Kila mwaka, kuanzia Aprili hadi Julai, Kenya hufunga uvuvi wa omena ili wazaane. Mvuvi wetu anaweka wavu chini, watoto wake wanalala na uji. Lakini je, miezi hiyo omena hukosekana sokoni Thika? Ng'o! Inavuka mpaka kutoka kwa majirani. Huenda majirani wana sababu nzuri za kutofunga miezi hiyo hiyo. Pengine dagaa wa upande wao huzaa wakati mwingine. Hilo lingeamuliwa kwa hesabu zilizowekwa mezani pamoja. Vivyo hivyo mwaka 2017 Uganda ilituma jeshi ziwani kupambana na uvuvi haramu, na mwaka 2018 Tanzania ikafanya Operesheni Sangara. Nyavu zilichomwa, watu walipoteza mashua. Je, samaki waliongezeka kwa sababu hiyo, au kwa sababu nyingine? Waliongezeka upande uliochoma nyavu peke yake au hata kwetu tusiochoma? Aliyepoteza mashua yake anastahili jibu la tarakimu.

Rafiki yangu mmoja wa kidato cha nne, mbishi sana, aliniambia hesabu hizi zisitolewe ovyo. Hoja yake: ukitangaza samaki wako wapi, wenye mashua kubwa watakwenda kuwafagia siku hiyo hiyo, na ukitangaza upande gani una samaki wengi, wanasiasa watapata kuni za kuchochea ugomvi wa mipaka, kama tulivyoona kuhusu kisiwa cha Migingo mwaka 2009. Sikumdharau. Lakini nilimuuliza, ugomvi wa Migingo uliletwa na hesabu zilizo wazi? La hasha. Watu walikuwa wakirushiana maneno juu ya samaki ambao hakuna mvuvi aliyejua wamebaki wangapi. Kuhusu wenye mashua kubwa, hao wana vyombo vyao vya kutafutia samaki. Anayebaki gizani ni mnyonge. Hata hivyo namkubalia kidogo: mahali hasa wanapozaliana samaki pasitangazwe kwa ramani. Wingi, ukubwa na mwelekeo wa miaka vitangazwe.

Shangazi yangu anauza samaki karibu na barabara kuu ya Thika. Ana daftari la mraba, lile la hesabu la shule ya msingi, ambamo kila siku huandika kreti alizonunua, bei, na neno moja: "wakubwa", "wa kati" au "wadogo". Hajasoma takwimu. Nilipolifungua likizo iliyopita niliona kwamba neno "wakubwa" limekuwa adimu katika kurasa za karibuni. Hapo ndipo ada yangu inapotoka, kwa hiyo nilisoma kurasa hizo kwa makini kuliko kitabu chochote cha mtihani. Shangazi hajui kama ni ziwa limechoka au ni dalali anampa mabaki. Hana pa kuuliza. Sheria inataka sangara wa chini ya sentimita 50 asivuliwe, lakini yeye hupewa samaki aliyekwisha katwa kichwa, akiambiwa achukue au aache.

Na tusidhani madaftari yaliyotawanyika ni ya ziwani tu. Mto Ndarugu unaopita hapa kwetu unaingia Athi, na Athi inavuka kaunti baada ya kaunti mpaka Bahari Hindi, ambako inaitwa Sabaki. Mto Thika, ulio karibu hivyo, unaelekea Tana na bwawa la Masinga. Tangu ugatuzi wa mwaka 2013, shughuli nyingi za uvuvi ziko chini ya kaunti, utafiti uko KMFRI, na sera iko Nairobi. Mwaka 2009 serikali ilipanga kuchimba mabwawa 200 ya samaki katika kila jimbo kati ya majimbo 140. Leo ukitaka kujua mangapi bado yana samaki, na mangapi ni makazi ya vyura, uanzie mlango upi?

Chama chetu kimeanza kazi iliyo katika uwezo wetu. Tumechora jedwali la majina ya samaki: Kiswahili cha Kenya, cha Tanzania, Kijaluo, Kiganda, na Kilatini mwisho. Safu ya Kikuyu ina neno moja tu, thamaki, na linarudiwa kwa kila samaki mpaka chini. Ikiwa una babu au jirani aliyewahi kuvua Ndarugu, muulize yule mwenye masharubu anayekaa matopeni wanamwitaje, na yule mdogo wa kwenye mawe, kisha ulete jina pamoja na mahali alipovuliwa. Jedwali liko kwa katibu, Kidato cha Tatu Mashariki.