Kumwandikisha Mtoto si Kumfundisha



Kila mwaka, yafikapo majira ya usaili katika shule zetu za Kanisa, mzazi aliyekuja na mtoto asiyeona vizuri, au anayetembea kwa magongo, au mwenye kifafa, hupewa jibu lenye upole mwingi. Huambiwa ampeleke shule maalumu, kwani huko ndiko waliko wataalamu. Jibu hilo husemwa kwa sauti ya huruma, na pengine msemaji huamini kweli kwamba ameshauri mema. Hatuna budi kusema wazi kwamba, kwa watoto walio wengi, hiyo si huruma. Ni kumfukuza mtoto kwa adabu.

Mtu asidhani kwamba tunazidharau shule maalumu. Waanglikana walipoanzisha shule ya wasioona pale Buigiri, Dodoma, mwaka 1950, na Kanisa letu lilipofungua shule ya viziwi Tabora mwaka 1963, watoto wa namna hiyo aghalabu hawakuwa na mahali pengine pa kushika kitabu. Hata leo mtoto kiziwi, ambaye lugha yake ni ya alama, akiketishwa peke yake kati ya wenzake wasioijua lugha hiyo, mbele ya mwalimu asiyeijua, amewekwa kifungoni. Huyo anahitaji walimu na wenzake wa kuzungumza naye. Lakini wengi wanaoelekezwa huko hawana haja hiyo. Shule zenyewe ni chache na ziko mbali. Mzazi hana nauli. Na mwisho wake mtoto hubaki nyumbani akifukuza kuku kwenye mpunga ulioanikwa.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya 2010, inataka mtoto mwenye ulemavu asome katika shule ya kawaida, iwe ya serikali au ya binafsi, isipokuwa pale panapohitajika mawasiliano ya pekee. Tena apewe msaada unaolingana na hali yake. Mwaka mmoja kabla yake, 2009, taifa letu lilikuwa limeridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu hao. Shule ya parokia au ya jimbo ni shule ya binafsi. Sijaona katika sheria hiyo kifungu kinachoziondoa shule zinazoshika nafasi ya kwanza mkoani.

Nafasi ya kwanza: hapo ndipo penye kidonda. Tunaogopa kwamba mtoto huyu atashusha wastani wa shule. Baraza la Mitihani liliacha mwaka 2023 kutangaza shule kumi bora, lakini mabango yetu ya barabarani bado hayajaipata habari hiyo. Mtaguso wa Vatikano wa Pili, katika tamko lake juu ya elimu ya Kikristo la mwaka 1965, ulifundisha kwamba haki ya kuelimishwa ni ya kila mwanadamu kwa sababu ya hadhi ya utu wake, si kwa sababu ya alama atakazopata. Nasi tunambatiza mtoto huyu, tunampa Komunyo ya kwanza, kisha dawati tunamnyima.

Shule za serikali nazo zina kosa lao, la namna nyingine. Tangu Januari 2016, elimu msingi ilipoanza kutolewa bila ada, watoto wengi waliokuwa wamefichwa majumbani waliandikishwa, na kwa hilo tumshukuru Mungu. Lakini jina likiisha kuingia katika rejesta, wakubwa huhesabu kwamba kazi imekwisha. Mtoto huketi nyuma katika darasa lililofurika, haoni ubao, hasikii vema, na hupandishwa darasa mwaka hata mwaka pasipo kujua kusoma. Hapo amehifadhiwa tu, hajafundishwa.

Mtazameni mtoto mwenye ualbino. Macho yake ni hafifu, na kwa kawaida hata miwani haimrudishii uoni kamili. Mwanga mkali humchoma. Mwalimu anaandika, anafuta, anaendelea. Mtoto analichungulia daftari la jirani ili anakili, naye anachapwa kwa kuibia. Je, alihitaji nini? Kiti cha mbele, kisichopigwa na jua la dirishani. Ruhusa ya kuinuka na kuusogelea ubao bila kuomba kila mara. Ubao uliopakwa rangi upya, ukawa mweusi kweli. Mwalimu anayetamka kwa sauti kila anachoandika, jambo ambalo, tukisema kweli, lingewasaidia na wale wengine wote walioketi nyuma. Kofia pana na mikono mirefu wakati wa gwaride, hata kama kanuni ya sare haikuitaja kofia. Katika hayo yote, ni lipi linalomngoja mfadhili kutoka Ulaya? Baraza la Mitihani lenyewe huwapa watahiniwa wenye uoni hafifu karatasi za maandishi makubwa na muda wa ziada. Mtihani umeweza, darasa linashindwaje?

Tena kuna jambo zito kuliko alama. Yalipozidi mauaji ya watu wenye ualbino, kuanzia miaka ya 2006 na 2007, watoto wengi walikusanywa katika vituo kama Buhangija, Shinyanga. Kuwalinda kulikuwa lazima. Lakini uzio haumfundishi jirani chochote. Anayeamini kwamba kiungo cha mtu huyu huleta utajiri ni yule ambaye hakupata kumjua kama mtu. Mtoto aliyeketi naye dawati moja miaka saba, wakagombana na kupatana, wakagawana muhogo, si rahisi kumdanganya.

Wako wanaosema: majengo yetu hayaruhusu. Wasome tena habari ya yule mwenye kupooza kule Kafarnaumu. Watu wanne walimbeba, wakakuta mlango umezibwa na umati, wakapanda wakaitoboa dari ya nyumba ya watu. Wala Injili haituelezi kwamba Bwana aliwakemea kwa uharibifu. Sisi hatuambiwi tutoboe dari. Tunaambiwa tujenge mteremko wa saruji badala ya ngazi tatu, tupanue mlango wa choo, tulihamishe darasa la mtoto huyo kutoka ghorofani kuja chini. Parokia iliyoweza kuchangia gari la paroko haishindwi na mifuko michache ya saruji.

Wengine husema: hatuna mwalimu aliyesomea. Kweli, basi asomeshwe. Chuo cha Ualimu Patandi, mkoani Arusha, huandaa walimu wa elimu maalumu. Jimbo linalosomesha mafrateri kwa miaka mingi lingeweza kumlipia mwalimu mmoja kutoka kila shule yake. Na akirudi, asifanywe yeye peke yake mwenye watoto hao, bali awafunze wenzake. Kwa habari ya kifafa hata chuo hakihitajiki: walimu wote wajue kwamba hakiambukizi, wajue kumlaza mtoto ubavu na kumwondolea vitu vya kumwumiza, basi.

Twawaomba viongozi wa jumuiya ndogo ndogo waandike majina ya watoto wenye ulemavu walioko majumbani, kwa ridhaa ya wazazi wao na kwa kulinda siri yao, wayafikishe kwa halmashauri ya walei kabla ya usaili ujao. Na halmashauri, itakapokutana na mkuu wa shule ya parokia, imwulize ni wangapi waliofika mlangoni mwaka huu, ni wangapi waliopokelewa, na waliokataliwa waliambiwa nini. Swali hilo liwekwe katika ajenda mbele ya hesabu za uzio mpya.