Treni ikipita, mwacheni mtoto ahesabu wago

Juma hili tuongee juu ya watoto wanaokimbilia gare kila wanaposikia honi ya treni. Wengi wetu tunawagombeza tu, halafu wanaenda kwa kujificha. Ni vizuri zaidi tuwafundishe namna ya kutazama.

Mpe mtoto kaye ya zamani na kalamu. Aandike tarehe, treni imetoka upande gani, imevuta wago ngapi, na zimebeba nini: watu, madini, mafuta au mbao. Aandike pia kama mashine ni ya mazutu ao ya umeme. Hiyo ni hesabu, ni kusoma na ni jiografia, bila kulipa minerval.

Halafu sisi wakubwa tumweleze reli hii. Kampuni ya BCK ndiyo iliyoijenga, ikamalizika mwaka 1931, kutoka Tenke, kupita Kolwezi, Mutshatsha na Kasaji, mpaka Dilolo. Pale inaungana na reli ya Benguela, ambayo inakata Angola yote, kilomita 1 344, mpaka bandari ya Lobito. Hivi shaba ya Katanga ilipata njia fupi ya kufika baharini.

Mwaka 1975 vita ya Angola ilikata njia hiyo. Kisha vita ikafika kwetu. Tarehe 25 Machi 1977 waasi waliotoka Angola waliingia Mutshatsha. Tarehe 25 Aprili jeshi la Zaire, likisaidiwa na askari wa Maroko, likaikamata tena. Ndiyo ile vita ya siku 80 ambayo wazee wetu wanaikumbuka. Upande wa Angola, Wachina walitengeneza reli upya, ikafunguliwa mwaka 2015, na tangu 2018 madini ya Kongo yanapita tena kwenda Lobito.

Lakini kuna jambo moja ambalo hatutacheka nalo: kupanda treni ya mizigo. Usiku wa tarehe 10 Machi 2022, huko Buyofwe, upande wa Lubudi, katika jimbo letu hili la Lualaba, treni ya mizigo iliacha reli. Juu yake kulikuwa na mamia ya watu waliopanda bila ruhusa. Zaidi ya 70 walikufa. Wengi wao walikuwa watu kama sisi, waliotafuta tu njia ya kusafiri.

Basi tuweke sheria za nyumbani:

– Mtoto anatazama akiwa mbali na reli, hatua kumi na zaidi, pamoja na mkubwa.

– Hachezi chini ya wago, hata kama imesimama. Inaweza kuvutwa wakati wowote.

– Hapandi juu ya wago. Upande wa Kolwezi kuna waya za umeme juu ya reli, volti 25 000. Umeme huo unaua hata mtu ambaye hajagusa waya.

– Hakatizi mbele ya treni. Treni nzito inaweza kutembea kilomita nzima baada ya kufunga breki.

Na wewe mama, ukirudi sokoni na mizigo mingi, usipande wago ya mizigo ukamwambia mtoto asipande. Atafuata macho yake, si maneno yako.

Jioni, mketishe karibu na babu ao bibi pamoja na kaye yake, aulize: treni ya kwanza uliyopanda ilikupeleka wapi? Aandike jibu.