Pimeni Kabla Hawajachimba



Siku hizi kila mtu ana neno moja mdomoni: nikeli. Ndani ya basi la Bujumbura–Gatumba, sokoni, redioni, utasikia kwamba Burundi imelala juu ya hazina, na hazina yenyewe iko Musongati. Mimi sibishi. Hazina ipo. Wataalamu wa PNUD waliitafiti tangu miaka ya 1970, na toka hapo imehesabiwa kwa tani, kwa asilimia na kwa dola. Ninachobishia ni kwamba katika hesabu zote tunazosomewa, maji ya mtu anayeishi jirani na vilima vile hayamo. Wala mapafu yake, wala ngozi ya mtoto wake.

Mtu wa Gatumba atauliza: Musongati ni mbali, inatuhusu nini? Inatuhusu. Musongati iko Rutana, ambayo sasa imeingizwa katika mkoa mpya wa Burunga. Na Rutana hiyohiyo, upande wa Giharo, ndiko iliko Musenyi, ambako ndugu zetu waliovuka kutoka Kongo mwaka 2025 walipelekwa kwa maelfu. Watu wanavuka huku kwenye Rusizi, wanaandikwa, wanapandishwa magari, wanateremkia katika nchi ya nikeli. Tena maji mengi ya upande ule yanashuka kwenye Malagarasi, mto unaozunguka ndani ya Tanzania na kurudi kumwagika Tanganyika, ziwa hilihili linalotupa mukeke na ndagala. Na Januari 2025 mkataba wa reli ya Uvinza hadi Musongati ulisainiwa. Reli kama hiyo hailazwi ili ibebe mihogo peke yake.

Kwanza tuondoe upuuzi njiani. Kuna wanaosema ati nikeli ni sumu, basi tutupe masufuria ya inoksi. Hapana, mama, usitupe sufuria yako. Inoksi ya jikoni, ile iliyogongwa 18/10 chini, ni chuma kilichochanganywa na kromi karibu sehemu 18 na nikeli karibu sehemu 10 katika kila 100. Mchanganyiko huo ndio unaoifanya isishike kutu, na nikeli imefungwa humo. Ukipika nyanya muda mrefu katika sufuria mpya, kidogo kitatoka, na kitapungua kadiri unavyozidi kuipikia.

Hereni za bei rahisi ni habari nyingine. Zile zilizopakwa nikeli, jasho linaiyeyusha kidogokidogo, na ngozi ya wengine inawasha na kutoka vipele. Ngozi ikishaikataa nikeli, inaikataa karibu maisha yote. Ulaya waliliwekea jambo hilo sheria mwaka 1994. Sisi tunawatoboa watoto masikio na kununua zinazong'aa.

Lakini nikeli inayoua ni ile ya vumbi na moshi, nikeli iliyoungana na oksijeni, salfa na vitu vingine, inayovutwa kwa pua siku baada ya siku. Mwaka 1902 kiwanda cha kusafisha nikeli kilifunguliwa Clydach, huko Wales. Wafanyakazi wake wakafa kwa saratani ya mapafu na ya pua. Na hiyo ya pua, kwa watu wa kawaida, ni nadra sana. Mwaka 1970 Richard Doll na wenzake wakatoa hesabu iliyoonyesha kwamba walioumia zaidi ni walioanza kazi kabla ya 1925. Mwaka 1990 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya OMS likatamka kwamba misombo ya nikeli inaleta saratani kwa binadamu.

Hesabuni wenyewe hiyo miaka. Halafu mjue kilichowasaidia watafiti: vitabu vya mishahara. Kila mfanyakazi alikuwa na jina na tarehe ya kuanza kazi. Kibarua anayelipwa franga zake jioni bila kuandikwa popote, nani atamhesabu? Akianza kukohoa damu baada ya miaka 20, ataambiwa ni sigara, au ni uchawi.

Sasa nije kwenye kiini. Nikeli ya Musongati haikai kama vipande vya dhahabu. Imo ndani ya udongo uliotokana na mwamba ulioozeshwa na mvua na jua kwa miaka isiyohesabika. Katika kilo 100 za udongo huo nikeli yenyewe haifiki kilo 2. Maana yake, ardhi ile ina nikeli hata kabla ya jembe la kwanza. Mungu ndiye aliyeiweka. Basi siku mgodi ukifunguliwa, na mtu akalalamika kwamba kisima chake kimeharibika, jibu liko tayari: "Nikeli ilikuwemo tangu zamani." Pengine atakayejibu hivyo atasema kweli. Pengine atadanganya. Bila kipimo cha leo, hakuna hakimu atakayejua. Kipimo cha kabla kinamlinda mwanakijiji, kinamlinda mkimbizi, na kinamlinda hata mwenye mgodi asiye na kosa. Anayekikataa ndiye wa kuulizwa maswali.

Sisi tuliotoka Kongo tusijifanye wageni wa mambo haya. Kule Kolwezi, mtaa wa Kasulo, watu walichimba kobalti, ndugu yake nikeli, chini ya nyumba zao wenyewe. Mwaka 2018 watafiti wa Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha walichokikuta: kobalti nyingi katika vumbi la majumbani, na katika mkojo wa wakazi, watoto kuliko wakubwa. Walilinganisha na mtaa wa jirani ambao haukuchimbwa. Kazi nzuri, kazi ya kusifiwa. Lakini ilikuja mashimo yakiwa yamekwisha kuchimbwa, na vumbi likiwa limekwisha kuingia ndani ya watoto.

Najua majibu ya nyinyi wa mashirika. La kwanza: "Maji ya kambi yanapimwa." Ndiyo, yanapimwa klorini na vijidudu vya choo, na mnafanya vema, maana kipindupindu hakisubiri mtu. Lakini klorini haiondoi nikeli. Kuchemsha pia hakuiondoi: maji yanapungua sufuriani, nikeli inabaki palepale. Kikomo cha OMS kwa maji ya kunywa ni mikrogramu 70 kwa lita, sawa na gramu 7 katika lita 100,000. Hakuna jicho wala ulimi utakaoigundua. Ni maabara tu.

La pili: "Pesa hakuna." Hilo tunalijua kuliko nyinyi, sisi ambao posho yetu ilipunguzwa mwaka 2025. Siombi hospitali. Naomba chupa safi, matone ya asidi ya kuhifadhi maji, na safari ya kuzipeleka maabara mara mbili kwa mwaka, wakati wa mvua na wakati wa kiangazi. Magari yenu yanakwenda Rutana kila siku.

La tatu: "Mgodi mkubwa bado haujaanza." Hiyo ndiyo sababu yenyewe! Ukishaanza, kipimo cha kabla hakiwezi kununuliwa hata kwa dola milioni.

Na kuna jibu la nne, hili ni la sisi wenyewe: "Mimi ni mkimbizi, nitarudi kwetu, shida ya udongo wa Warundi si yangu." Kambi ya Bwagiriza ilifunguliwa mwaka 2009. Watoto waliozaliwa humo wameanza kuota ndevu. Anayekunywa maji ya mahali kwa miaka hiyo yote, mwili wake ni wa hapo, vitambulisho viseme vinavyotaka. Na Mrundi anayechota nasi kwenye bomba moja ni jirani yetu kweli, si maneno.

Hapa Gatumba tumezoea kuhesabiwa baada. Mwaka 2020 Rusizi ilifurika, nyumba zikazama, ndipo watu wenye madaftari wakaja kuuliza tulikuwa wangapi. Nikeli haiji kwa kishindo kama mto. Ikija, hakuna atakayekimbia, maana hakuna atakayeiona.

Kwa hiyo ninadai mambo matatu. Moja, maji ya Musenyi na ya vijiji vinavyoizunguka yapimwe nikeli, kobalti na kromi sasa, na majibu yabandikwe kwenye bomba, kwa Kirundi na kwa Kiswahili. Mbili, siku kazi zikifunguliwa Musongati, kila kibarua, awe Mrundi au mkimbizi, aandikwe jina na tarehe, na nakala ya daftari ikae nje ya ofisi ya mgodi. Tatu, wanafunzi wa kemia wa Chuo Kikuu cha Burundi wapewe kazi hii, ili vipimo vibaki nchini hata mashirika yakifunga mizigo.

Mnatupima mikono ya watoto kujua kama wamekonda. Mnatupima joto, damu, hata vidole kwa mashine tukija kuchukua posho. Pimeni na maji.